Shemeji Apiga Windows

Kompyuta ya nyumba yetu ina wenyewe wengi. Aliyeinunua ni mume wangu, ikiwa imetumika, kwenye duka moja la Kariakoo linalouza mashine zilizostaafu maofisini Ulaya. Kwa hiyo akiwa nje ya nyumba huiita "kompyuta yangu". Ndani ya nyumba hathubutu. Mama mkwe huiita yake kwa sababu ndiyo inayozaa kadi za mchango na za mwaliko, biashara yake inayojulikana hapa Tanga kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni. Binti yangu wa kidato cha tatu huiita yake kwa sababu ya masomo, ijapokuwa masomo hayo yana muziki mwingi.

Baba mkwe haiiti chochote. Kila baada ya sala ya alasiri hukaa mbele yake, akavaa miwani, akabonyeza vitufe viwili, na kioo kikageuka buluu chenye maandishi meupe. Hapo hata mausi husukumwa pembeni, maana programu ya Baba haiijui mausi ni nini.

Baba alikuwa mhasibu wa shamba la mkonge. Programu ile iliandikwa na mwenzake wa ofisini miaka ya 1990, kwa lugha ya Clipper, enzi za DOS. Walipostaafishwa, Baba aliondoka na nakala yake na kuigeuza daftari la chama cha kufa na kuzikana cha mtaani. Humo wamo wanachama wote, michango yao ya mwezi, faini za kuchelewa vikao, sanda zilizonunuliwa, na magari yaliyokodiwa kupeleka maiti Pangani, Muheza na Lushoto. Programu hiyo ina tabia moja inayompendeza Baba: ukimfuta mtu hafutiki, huwekewa nyota tu pembeni ya jina. Ndivyo mafaili ya aina ile yalivyoumbwa tangu mwanzo. Kwa hiyo marehemu wa mtaa wetu wote bado wamo, na nyota zao. Kila mwisho wa mwezi orodha hutolewa kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni, kwa printa ya sindano ambayo ikianza kazi jirani hujua kikao kimekaribia.

Kompyuta yenyewe huvalishwa. Mama ameishonea kitambaa cheupe cha kudarizi kilichochukua vipimo vya kava lake, mbele kuna upenyo wa kuwashia, nyuma kimeshuka mpaka mezani. Kumbuka kitambaa hicho.

Mgeni kutoka Dar

Shemeji, mdogo wa mume wangu, anafanya kazi Dar es Salaam katika ofisi ya kusafirisha mizigo, na huko ndiye anayeitwa printa ikikwama. Kwa cheo hicho alichojipa, akija likizo Tanga hukagua vifaa vyote vya umeme vya nyumba kabla hajavua viatu. Safari hii alikuta kompyuta inatoa tangazo: Windows 10 imefika mwisho wake.

"Shemeji," akaniambia, "mmelala mlango wazi."

Na kwa hilo alikuwa na haki yake. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipewi tena marekebisho ya bure ya usalama, isipokuwa mtu ajiandikishe kwenye mpango wa nyongeza unaomsogeza hadi 13 Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Huendelea kufanya kazi vilevile, ila tundu likigunduliwa baadaye hakuna wa kuliziba. Na kompyuta ya Mama hupokea flashi za kila mteja, nyingine zimepita kwenye mashine za stationery zote za mjini na kuchuma kirusi katika kila moja. Hivyo nia ya Shemeji ilikuwa safi. Mambo yaliharibika kwenye utaratibu.

Baba hakuwepo. Alikuwa Pangani, amekwenda kumzika mwanachama, na akienda msibani huzima simu mpaka hitima isomwe. Mume wangu alikuwa zamu bandarini. Alipigiwa, akasema kwa haraka, "Sawa, mradi picha za harusi yetu zisipotee." Hiyo ndiyo ikawa ruhusa.

Shemeji akaanza vizuri kabisa. Alipakua PC Health Check, programu ya Microsoft inayopima kama kompyuta inafaa kwa Windows 11, na sisi tukakusanyika nyuma yake. Akatusomea masharti kwa sauti ya mwalimu: prosesa ya biti 64 yenye viini viwili au zaidi na kasi isiyopungua gigahezi 1, tena iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, ambayo kwa Intel kwa jumla huanzia kizazi cha nane, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, uwashaji wa mtindo wa UEFI ulio na ulinzi wa kuzuia mashine isiamke na programu isiyo na saini inayotambulika, na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0.

Yetu ni Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, diski ya kutosha. Mama akaanza kutabasamu kwa fahari. Lakini jibu likaja na alama nyekundu mbili: chipu ya usalama haionekani, na uwashaji salama haupo.

"Hizi zimelala tu, tunaziamsha," akasema Shemeji, akaizima kompyuta na kuiwasha huku akigonga vitufe mpaka akaingia BIOS. Na kweli, kwenye mashine nyingi za Intel za umri ule, TPM imo ndani kwa jina la PTT, na mara nyingi imezimwa. Akaiwasha. Kisha akazima uwashaji wa mtindo wa zamani ili ule salama upate nafasi.

Kioo kikawa cheusi. Ukatokea mstari mmoja wa kusema hakuna diski ya kuwashia.

"Umeshaiua," akasema Mama.

Haikufa. Diski ilikuwa imegawanywa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR, na Windows inayoamshwa kwa UEFI hutaka mgawanyo wa GPT. Shemeji akarudisha kama kulivyokuwa, kompyuta ikaamka. Hapo ndipo palipokuwa na swali la kuulizwa: mashine ya kizazi cha nane, iliyozaliwa katika dunia ya UEFI, nani aliipangia diski kizamani, na kwa sababu gani? Shemeji aliliuliza swali hilo, akalijibu mwenyewe bila kusubiri.

"Aliyepiga Windows hii ni kanjanja."

Kesi ya fundi

Ushahidi ukaongezeka. Alipofungua ukurasa wa taarifa za mfumo, tukaona Windows yetu ni ya biti 32, imekalia prosesa ya biti 64. Na kwenye RAM paliandikwa GB 8, halafu pembeni, kwamba inayotumika ni tatu na ushei. Shemeji akaeleza: Windows 10 ya biti 32 haihesabu kumbukumbu zaidi ya GB 4, na katika hizo nne baadhi humegwa na vifaa vya ndani.

"Yaani tumelipia nane tunakula tatu?" Mama akauliza. Anapouliza kuhusu hesabu za pesa hasubiri jibu. "Nilisema mimi. Yule fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili hakuniangalia usoni siku ile."

Basi fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili akashtakiwa, akahukumiwa na kulaaniwa pale sebuleni, yeye akiwa kibandani kwake anachomea waya wa redio ya mtu. Hakuna aliyesema tumpigie tumsikilize.

Windows 11 haina toleo la biti 32. Na kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna kupandisha juu kwa juu. Lazima ufute, upige upya. Shemeji akatangaza hivyo kwa furaha ya mtu aliyepewa nyumba ya kubomoa.

"Kila mtu aseme kitu chake cha kuhifadhi," akaamuru.

Binti akataja muziki kabla ya masomo. Mama akataja kadi. Mimi nikataja barua na picha za harusi. Shemeji akafungua folda zinazojulikana na kila mtu, za nyaraka, picha, muziki, pamoja na vilivyotapakaa kwenye kioo cha mwanzo, akavihamisha vyote kwenye flashi. Binti akauliza, "Na Babu?" Shemeji akajibu kwamba vya Babu vitakuwa humohumo kwenye nyaraka, vingekuwa wapi tena?

Kazi ikaanza baada ya chakula cha usiku. Flashi ya kupigia alishaiandaa ofisini kwake, maana mzigo wa Windows 11 unazidi GB 5 na kifurushi cha nyumbani kingekatika katikati. Diski ikafutwa, ikagawanywa upya kwa GPT, asilimia zikaanza kupanda. Ghafla giza.

Tukakimbilia dirishani kuangalia kama ni mtaa mzima. Kwa jirani kulikuwa kunawaka, tena na feni inazunguka. Ilikuwa Luku. Mama alidhani nimenunua mimi, mimi nilidhani Shemeji kama mgeni amejitolea, na Shemeji alidhani nyumba yenye mama mkwe na mkamwana haiwezi kukosa uniti. Tarakimu 20 zikasomwa kwa tochi ya simu, zikakosewa, zikarudiwa. Kazi nayo ikarudiwa toka mwanzo.

Adhana ya alfajiri ilikuta Windows 11 inang'aa sebuleni. Biti 64. RAM GB 8, zote zinatumika. Uwashaji salama umewaka, TPM imeamka, PC Health Check ingeipigia makofi. Kila kitu kilifunguka upesi. Binti alicheza muziki wa masomo, Shemeji akala chapati zilizokusudiwa watu watatu, na Mama akaivalisha kompyuta kitambaa chake kama bibi harusi.

Kamati yataka kadi

Wiki ile Mama alikuwa na kazi ya kadi za mchango za harusi ya mpwa wake. Katika nchi hii kadi ya mchango ikichelewa, si kadi tu iliyochelewa. Mfuko wa mtu una harusi nyingi zinazoubishia hodi, na anayetangulia kugonga ndiye anayefunguliwa.

Programu yake ya kadi, ya zamani, ya biti 32, ilirudishwa na ikafunguka bila kinyongo, kwa kuwa Windows ya biti 64 huzipokea nyingi za namna hiyo. Kadi ikatokea kiooni na maua yake pembeni. Mama akabonyeza pa kuprinti. Kimya. Shemeji akachomoa waya wa printa, akauchomeka. Kompyuta ikasema imeona kifaa, lakini haikijui.

Printa ile ya leza ni ya siku nyingi, na wino wake ni rahisi, ndiyo maana Mama haiachi. Lakini mwenye kuitengeneza aliiandikia draiva za biti 32 tu, kisha akahamia kwenye printa mpya. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Programu ya kawaida ya biti 32 inaweza kuishi ndani ya Windows ya biti 64, lakini draiva hufanya kazi ndani ya mfumo wenyewe, na huko lazima biti zilingane. Kama draiva ya biti 64 haikuandikwa, printa inabaki sanduku.

Shemeji hakukubali sanduku. Alitafuta mtandaoni draiva ya printa inayofanana kwa sura, akaiweka. Printa ikanguruma, tukashangilia. Ikatoa karatasi yenye mstari mmoja wa alama za ajabu kichwani, na iliyobaki nyeupe. Ikatoa ya pili. Ikatoa ya tatu. Ilikataa kusimama mpaka Mama alipochomoa waya ukutani.

Kamati ilikuja saa kumi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakakaribishwa chai na vitumbua.

"Kadi zipo jikoni," Mama akawaambia, macho yake kwa Shemeji.

"Zinaiva lini, dada?" mwenyekiti akauliza. "Maana wiki ijayo watu watakuwa wameshachangia kwingine."

Wakati huo ndipo mlango wa uani ulipofunguliwa, Baba akaingia na kapu la samaki wa Pangani.

Baba atafuta buluu

Tulimwamkia, akaitikia, akawapa kamati pole ya kusubiri, akaoga, akasali alasiri. Kisha akaja kukaa mahali pake. Akavaa miwani. Akabonyeza vitufe vyake viwili.

Hapakutokea buluu. Palitokea picha ya ua kubwa la rangi ya samawati, na nyuma ya kiti Shemeji akaanza kueleza faida za mfumo mpya, haraka haraka, ulinzi wake, kasi yake, RAM yake.

"Daftari liko wapi?" Baba akauliza.

"Lipo kwenye flashi, Baba. Nimehifadhi kila kitu."

Flashi ikafunguliwa. Palikuwa na kadi, muziki, barua zangu, harusi yetu. Daftari halikuwemo. Programu za DOS hazikuwa na habari ya folda za nyaraka. Kila moja ilijichimbia chumba chake palepale mzizini mwa diski. Chumba cha Baba kiliitwa DAFTARI, kwa herufi kubwa, chini ya C, mahali ambapo Shemeji hakupita.

Shemeji akataja programu za kufufua mafaili yaliyofutwa. Akataja kwamba Windows 11 humpa mtu siku 10 za kurudi alikotoka. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mwanachama anayejitetea kwa nini hajalipa. Kisha akasimama, akachukua kofia yake.

"Baba unakwenda wapi?"

"Barabara ya Kumi na Mbili."

Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba yule fundi ni kanjanja. Baba akasema, "Kanjanja ndiye aliyekuwa ameniwekea daftari likafunguka."

Zilale

Fundi alikuja jioni ileile na begi lake la mgongoni. Akamwamkia Mama shikamoo, na Mama akaitikia akiangalia vitumbua. Fundi hakugusa kompyuta. Alikunja kitambaa cha kudarizi kutoka upande wa nyuma, polepole, mpaka tukaona karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye mgongo wa kava. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino:

"Windows ya biti 32 kwa ajili ya daftari la Mzee na printa ya Mama. Msibadilishe bila kuwauliza."

Kitambaa kiliifunika tangu siku ileile iliyobandikwa. Mama alitazama kazi ya mikono yake, kisha akaenda kumletea fundi chai, ya maziwa.

"Windows ya biti 64 haikubali programu za biti 16, na ya Mzee ni biti 16," fundi akaeleza. "Ya biti 32 inakubali, ukiwasha kile kipengele chake cha zamani, nayo ndiyo iliyotaka uwashaji na mgawanyo wa diski wa kizamani. Na printa ya mama ina draiva ya biti 32 peke yake. Nilimwambia Mzee kwamba akitaka hivi, GB kama tano zitalala bure. Akaniuliza, hizo GB zinazika watu? Nikasema hapana. Akasema, basi zilale."

Shemeji aliinamia simu yake kama aliyepata ujumbe muhimu.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku hiyo, na naona ndilo linalokosekana kwenye kila orodha ya masharti. Tulidhani kukagua ulinganifu ni kuiuliza mashine kama inaweza kupokea mfumo mpya. Mashine ikajibu ndiyo, na haikusema uongo. Lakini haijui kwamba kuna mzee mwenye daftari la marehemu na mama mwenye kamati mlangoni. Hayo yanajulikana na watu. Kila kitu cha ajabu tulichokikuta ndani yake, diski iliyogawanywa kizamani, biti 32, RAM iliyolala, tulikisoma kama uzembe wa mtu, kumbe kila kimoja kilikuwa jibu la swali ambalo mtu aliuliza kabla yetu.

Maswali ya fundi

Fundi alianza upya kwa kuuliza, na akaandika majibu. Mpangilio wake nimeuhifadhi kwa sababu unafaa nyumba yoyote.

Kwanza watu. Nani anaitumia kompyuta, na kila mmoja afungue mbele yake kile anachokitumia. Asisimulie, afungue. Mtu akisimulia husahau, lakini mkono wake hausahau vitufe.

Pili programu. Kila iliyofunguliwa, ni ya biti ngapi, nani aliitengeneza, kuna toleo jipya, na mafaili yake inayaweka wapi. Hili la wapi ndilo lililotuponza.

Tatu vifaa. Printa, skana, hata kichomekwa chochote cha zamani. Namba kamili ya kifaa husomwa kwenye kibandiko cha nyuma au cha chini, kisha inatafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, na draiva yake inatajwa kwa jina la mfumo unaouendea na biti zake. Ikikosekana, umeshajua kabla hujafuta.

Nne ndipo mashine yenyewe: prosesa, RAM, diski, TPM, mtindo wa uwashaji, mgawanyo wa diski. Shemeji alianzia hapa, na akaishia hapahapa.

Tano nakala. Nakala ambayo haijafunguliwa kwenye kompyuta nyingine bado ni dhana.

Sita njia ya kurudi. Zile siku 10, fundi akasema, ni za aliyepandisha mfumo juu ya wa zamani, si za aliyefuta. Na kufufua mafaili kwenye diski yetu kulikuwa na tumaini dogo, kwa sababu ni ya SSD. Mfumo huiambia ni sehemu zipi zimeachwa wazi, nayo huzisafisha. Ushauri wake ni kununua diski nyingine ndogo, kupiga mfumo mpya humo, na ile ya zamani kuitoa na kuiweka kabatini ikiwa nzima mpaka kila mwenye kompyuta aseme ameridhika.

Saba wakati. "Hakuna anayebadili paa siku ya maulidi," akasema, akimtazama Shemeji kwa upole. Aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ana muda wa kujipanga mpaka mpango huo uishe.

Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, lile kopo lipo?"

Lilikuwepo. Baba alikwenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani, katikati ya stakabadhi, mlikuwa na flashi. Kila mwisho wa mwezi, baada ya kuprinti orodha, alikuwa akinakili DAFTARI humo, kama fundi alivyomfundisha, na hakuwa amemwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeuliza. Fundi akaifungua kwanza kwenye laptopu ya Shemeji, kwa LibreOffice, ambayo huyasoma mafaili yale ya DBF. Majina yakatiririka. Baba akapitisha kidole mpaka kwenye jina la yule aliyemzika Pangani, akatikisa kichwa kuashiria ndiyo.

Mfumo mpya haukuondolewa. Fundi aliweka DOSBox-X, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows ya leo, na DAFTARI ikarudishwa humo. Buluu ikatokea, na maandishi meupe. Kinachotumwa na programu kwenye printa hupokewa na DOSBox-X na kukabidhiwa Windows, na printa ya sindano ikapewa draiva ya maandishi matupu iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Ilipoanza kukwaruza, jirani akachungulia ukutani kuuliza kikao kimesogezwa mbele?

Kwa ajili ya leza ya Mama, ikatafutwa laptopu ya zamani ya mume wangu, prosesa ya kizazi cha tatu, ambayo Windows 11 haiwezi hata kuitazama. Ikapigwa Linux Mint. Printa ikatambuliwa, na sasa kompyuta kubwa huituma kazi kwenye laptopu kupitia mtandao wa nyumbani, laptopu inaifikisha. Shemeji akauliza kwa nini haya yote hayakufanywa zamani. Fundi akasema wakati ule laptopu ilikuwa bado ina mwenyewe. Kadi zilitoka usiku huo, na kamati ikazichukua kabla ya sala ya Ijumaa.

Rekodi za mwezi ule, zilizoingia baada ya nakala ya mwisho, Baba alizipiga upya kutoka kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Binti alimsomea majina, yeye akagonga.

Jumapili wanachama walikutana chini ya mwembe wa uani, na Baba akasoma orodha kutoka kwenye karatasi ya matundu kama kawaida: michango, madeni, gharama za Pangani. Alipofika kwenye safu ya faini akasita, akarekebisha miwani, akasoma jina la mwanachama mpya aliyeandikishwa wiki hiyo bila kuulizwa. Kosa: kuingilia daftari la chama bila idhini ya kikao. Adhabu: malipo ya fundi, pamoja na uniti za Luku.

Shemeji akainua mkono kutaka kujitetea. Katibu akamwambia akae, kwa kuwa kwa mujibu wa katiba ya chama mwanachama mwenye deni haruhusiwi kuzungumza.